Fröbel, Jamaa wa Vipande vya Mbao

Wanachuo wenzangu, nianze kwa kuungama. Nikiwa TP kwenye darasa la awali mkoani Geita, nilimnyang'anya mtoto vipande vyake vya mbao. Alikuwa ameviokota kwa seremala jirani na shule, akawa anavipanga chini huku mimi nikiandika herufi ubaoni. Hakulia, ila hakushika penseli tena mpaka kengele ikalia. Jioni nikafungua desa la mtihani na kukutana na Fröbel. Nikaona aibu.

Friedrich Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 kijijini Oberweißbach, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri asiye na muda, na mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka. Akakua mpweke, rafiki yake mkubwa akiwa miti na bustani. Alipopata umri wa kujifunza kazi alipelekwa kwa bwana misitu, baadaye akaingia Chuo Kikuu cha Jena. Huko pesa ilimwishia, akawekwa mahabusu ya chuo wiki 9 kwa sababu ya deni. Mnaosubiri boom nadhani mmemwelewa.

Ualimu aliuanza Frankfurt mwaka 1805, kisha akaenda Uswisi kukaa na Pestalozzi, mwalimu aliyetaka mtoto ashike kitu kwanza, maneno yafuate. Baada ya kupigana vita dhidi ya Napoleon, alipata kazi kwenye jumba la makumbusho ya madini Berlin, akapanga na kuchunguza fuwele. Sisi wa Shinyanga tuliokua tukisikia habari za almasi ya Mwadui tunajua jiwe lina thamani. Fröbel alichokiona ni umbo: hata jiwe linakua kwa mpangilio. Akajiuliza, je, mtoto?

Mwaka 1816 aliacha makumbusho akafungua shule, wanafunzi wa kwanza wakiwa watoto wa kaka zake. Mwaka 1837, akiwa na miaka 55, alianzisha kituo cha watoto wadogo Bad Blankenburg na kutengeneza vifaa alivyoviita zawadi. Zawadi ya tatu ni mchemraba wa mbao uliokatwa kuwa michemraba midogo 8. Mtoto anaupokea mzima, anautenganisha, anajenga kiti, ngazi au nyumba, kisha anaurudisha ulivyokuwa. Nusu na robo anazishika mkononi kabla hajazisikia darasani. Mwaka 1840 akakipa kituo jina Kindergarten, yaani bustani ya watoto, na akawafundisha wanawake kazi ya kukiongoza.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku bustani hizo, ikichanganya mawazo yake na ya mpwa wake Karl, aliyekuwa na siasa kali. Alikufa tarehe 21 Juni 1852 kabla marufuku haijaondolewa. Iliondolewa mwaka 1860. Kaburi lake Schweina lina mnara wa mchemraba, mcheduara na tufe.

Kesho yake nilimrudishia yule mtoto vipande vyake, na vingine nilivyoviomba kwa seremala na kuvipiga msasa usiku. Alisimamisha vinne, akalaza vingine juu. Nilipomuuliza anajenga nini, akanieleza kuwa ni duara, na vile vilivyosimama ni matimba ya kuzuia lisimwangukie baba yake. Likaporomoka. Akahesabu vilivyobaki, akaongeza viwili upande uliolegea, likasimama. Basi, mwalimu mzima nimekaa chini kwenye vumbi, nimetoa macho.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na madarasa yamejaa. Najua wazazi wanataka kuona daftari limeandikwa, na mkaguzi wa TP naye anataka andalio la somo. Lakini mbao za mabaki karibu kila mtaa zipo. Mnaopangiwa Kahama, Geita au Shinyanga muhula ujao, piteni kwa seremala mapema. Ng'oeni misumari, pigeni msasa, muwape watoto. Halafu kaeni chini muulize wanajenga nini.