Mfalme Ezana na Msalaba Katika Sarafu

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi ya Ugogo, na Mvumi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Hapo wenye mizigo waliwalipa watemi hongo ya nguo, shanga na nyaya za shaba, ndipo wakaruhusiwa kuteka maji na kuendelea na safari. Vitu hivyo vilikuwa ndiyo fedha ya siku zile, kwa kuwa kila mtu aliikubali thamani yake. Lakini nguo huoza na shanga hutawanyika, wala haviwezi kumwambia mjukuu ni nani aliyetawala na aliamini nini. Sarafu yaweza. Kwa sababu hiyo wako watu wanaokusanya sarafu za kale, hasa za Dola la Kirumi, nao huzisoma kama wengine wasomavyo vitabu. Katika historia ya zamani za Waroma yumo mfalme mmoja wa upande wetu wa Afrika, ambaye sarafu zake zasema mengi juu ya moyo wake. Jina lake ni Ezana, mfalme wa Aksum.

Mji wa Aksum uko kaskazini mwa Ethiopia. Bandari ya ufalme huo ilikuwa Adulis, kwenye Bahari ya Shamu, katika nchi iitwayo leo Eritrea. Kitabu cha Kigiriki cha wasafiri wa baharini, kilichoandikwa katika karne ya kwanza, chaeleza kwamba fedha kidogo ya Kirumi ililetwa Adulis kwa matumizi ya wageni waliokaa huko. Kitabu hicho hicho chataja Rhapta, katika pwani yetu, ambako wafanyabiashara walileta mikuki, mashoka na vyombo vya kioo, wakaondoka na pembe za ndovu. Mwishoni mwa karne ya tatu mfalme Endubis wa Aksum alianza kupiga sarafu zake mwenyewe. Hakuna ufalme mwingine wa Afrika, kusini ya Sahara, uliomtangulia katika kazi hiyo.

Ezana alizaliwa katika nyumba hiyo ya kifalme, akaachwa na baba yake angali mtoto. Wakati huo walikuwapo katika jumba la mfalme vijana wawili Wakristo kutoka Tiro, Frumentius na Aedesius. Merikebu yao ilikuwa imeshambuliwa bandarini, wenzao wakauawa, nao wakachukuliwa hadi kwa mfalme. Aedesius alikuwa mnyweshaji wa mfalme, na Frumentius alikabidhiwa hesabu na maandiko ya serikali. Mfalme alipokufa, malkia mjane aliwasihi wabaki wamsaidie kutawala hadi mwanawe akue. Wakabaki. Habari hizi ziliandikwa na Rufinus, mwanahistoria wa Kanisa, ambaye alizisikia kwa Aedesius mwenyewe.

Ezana alipokuwa mtu mzima, Frumentius alikwenda Aleksandria kumwomba Mtakatifu Athanasius ampeleke askofu Aksum. Athanasius hakuona mwingine wa kufaa kuliko huyo huyo aliyeleta ombi. Akamweka wakfu, akamrudisha. Hivyo mtu aliyefika Aksum kama mateka akarudi kuwa mchungaji wa watu wake.

Hapa ndipo sarafu zinapotoa ushuhuda wao. Sarafu za kwanza za Ezana zina hilali na duara juu ya kichwa cha mfalme, alama za dini ya mababu zake, na maandishi yake ya kwanza juu ya mawe yamwita mwana wa Mahrem, mungu wa vita. Kisha alama hizo zatoweka, na mahali pake pakawa na msalaba. Sarafu hizo ni miongoni mwa za kwanza duniani kuchukua msalaba kama alama ya ufalme. Maandishi yake ya baadaye, aliyoandika baada ya vita vya kwenye mto Nili, yamshukuru Bwana wa Mbinguni kwa ushindi, nayo yaahidi kwamba mfalme atawatawala watu kwa haki bila kuwaonea.

Tuangalie pia uzito wa dhahabu yake. Kaisari Constantine alikuwa ameagiza sarafu 72 zipigwe kutoka ratili moja ya dhahabu. Ezana naye alipunguza sarafu yake ikafikia gramu 1.6 hivi, karibu theluthi moja ya ile ya Kaisari, ipate kukubalika katika biashara. Maneno yake yaliandikwa kwa Kigiriki, ili mgeni ayasome. Lakini sura ni ya mfalme Mwafrika, na kandokando yake yamesimama mashuke mawili ya nafaka, chakula cha wakulima wake.

Basi alikubali mizani ya Roma. Je, alikubali na imani ya Kaisari? Karibu na mwaka 356 Kaisari Constantius, aliyewaunga mkono wafuasi wa Arius, alimwandikia Ezana na ndugu yake Sazana. Aliwataka wamrudishe Frumentius Aleksandria, akachunguzwe na askofu aliyewekwa mahali pa Athanasius. Barua hiyo ilitoka kwa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika ulimwengu wa Kirumi. Hata hivyo Kanisa la Ethiopia lilidumu katika imani ya Athanasius, na Frumentius aheshimiwa huko mpaka leo kwa jina la Abba Salama, Baba wa Amani.

Bwana wetu alipoulizwa juu ya kodi, alitaka kwanza aonyeshwe sarafu, akauliza sura ile ni ya nani. Ezana alijua ni kitu gani cha kupimana na Kaisari, na ni kitu gani kisichopimwa katika mizani yake. Sarafu za shaba zilizofuata, zile za sokoni kwa mwananchi wa kawaida, ziliacha hata jina la mfalme, zikaweka msalaba na ombi kwamba jambo hili liipendeze nchi.

Dhahabu ya Aksum imefukuliwa pamoja na ya Roma katika Yemen na hata India, na kwa kupatikana pamoja zimetufundisha njia za biashara ya kale. Sarafu iliyouzwa gizani, pasipo kujulikana ilitoka shimo gani, ni shahidi aliyekatwa ulimi. Nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Basi jembe lako likigonga kitu cha zamani, usikipeleke kwa mchuuzi wala kwa mfua fedha. Kiache mahali pake, ukawape habari wenye mamlaka. Huenda ni neno la mtu aliyekufa zamani, nalo lingali linangoja msomaji.