Nikolai Vavilov, mkusanyaji wa mbegu aliyepita Ethiopia

Mwaka 1927 mtaalamu wa mimea kutoka Urusi, Nikolai Vavilov, aliwasili Addis Ababa. Ras Tafari, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie, alimpokea na kumruhusu kusafiri. Kwa msafara wa nyumbu, Vavilov alielekea kaskazini hadi Asmara, akikusanya ngano, shayiri na teff katika mashamba ya wakulima.

Hakutafuta mbegu moja bora kuliko zote. Alitafuta tofauti, na Ethiopia ilikuwa nazo tele: ngano yenye punje za zambarau, na hata ngano ngumu isiyo na ndevu kwenye masuke, aina ambayo nadharia yake ilikwisha kuashiria kwamba lazima ipo mahali fulani.

Vavilov alizaliwa Moscow mwaka 1887, akasoma elimu ya urithi wa viumbe Uingereza kwa William Bateson, kisha akafundisha Saratov, kando ya mto Volga, eneo lililokumbwa na ukame na njaa kubwa mwaka 1921. Aliamini kuwa ustahimilivu wa zao umo katika urithi wake, na kwamba aina za kienyeji zikipotea, urithi huo hupotea pia.

Wakulima wa leo wanaielewa hoja hiyo bila kufundishwa. Joto kali likiikuta ngano wakati punje zinajaa, punje husinyaa, na mbegu iliyowekwa kwa msimu ujao huota kwa udhaifu. Mvua ikinyesha baadaye haiirudishii punje uzito wake. Ndiyo maana watafiti huchunguza aina za kienyeji na jamaa zake za porini, wakitafuta jeni za kustahimili joto ili waziingize katika ngano ya kisasa kwa kuchavusha aina moja kwa nyingine.

Huko kwao, Trofim Lysenko, aliyeikana elimu ya jeni, alipata kibali cha Stalin. Vavilov alikamatwa Agosti 1940 na kuhukumiwa kifo, adhabu iliyopunguzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Alikufa Januari 1943 katika gereza la Saratov, mwili ukiwa umedhoofishwa na njaa.

Wakati huo Leningrad ilikuwa imezingirwa. Watumishi kadhaa wa taasisi yake walikufa njaa wakilinda mbegu. Mmoja wao, Dmitri Ivanov, alikuwa mtunza mpunga, na mpunga huo haukuguswa.

Vavilov alisafishwa jina mwaka 1955. Hazina yake sasa ina sampuli zaidi ya 300,000, ngano ya Ethiopia ikiwamo.