Carl Linnaeus na Neno Mamalia

Watoto wetu wajifunzao habari za wanyama shuleni huja nyumbani na neno mamalia. Twalisikia, walakini si wengi wetu tujuao lilikotoka. Aliyelitunga alikuwa mwana wa mchungaji wa Kilutheri, kwa hiyo twaona vema kuyasimulia maisha yake kwa ufupi.

Carl Linnaeus alizaliwa Råshult, kusini mwa nchi ya Uswidi, mwezi wa Mei mwaka 1707. Baba yake, Nils, alikuwa mchungaji msaidizi, kisha akawa mchungaji wa usharika wa Stenbrohult. Huyo Nils alipenda sana bustani, hata jina la ukoo alilitwaa katika mti mkubwa uitwao lind kwa lugha yao. Wazazi walitamani Carl naye awe mchungaji. Lakini mwaka 1726 walimu wa Växjö walimwambia baba kwamba kijana huyo hafai kwa kazi hiyo. Afadhali afundishwe kazi ya mikono. Baba akahuzunika. Ndipo mwalimu mmoja aliyekuwa pia tabibu, Johan Rothman, alipomshauri amwache kijana asome utabibu. Naye baba akakubali.

Carl akasoma Lund, kisha Uppsala. Mwaka 1735 akaenda Uholanzi, akapata cheo cha daktari, na mwaka uo huo kikapigwa chapa kitabu chake kiitwacho Systema Naturae, ambacho ndani yake alivipanga viumbe jamii kwa jamii. Jamii moja aliiita Quadrupedia, yaani wenye miguu minne, na mwanadamu akamtia humo. Watu wakanung'unika, maana mwanadamu hutembea kwa miguu miwili. Nyangumi naye akamweka pamoja na samaki, ingawa huvuta hewa, huzaa mtoto aliye hai, tena humnyonyesha.

Mwaka 1739 Linnaeus alimwoa Sara Elisabeth Moraea, na mwaka 1741 akawa profesa wa utabibu huko Uppsala. Walizaa watoto saba, na wawili kati yao wakafa wangali wadogo. Siku zile wanawake wengi wenye mali katika Ulaya hawakunyonyesha wenyewe, bali walitoa watoto wao kwa wanyonyeshaji wa mshahara, na wengi wa watoto hao wakafa. Linnaeus hakunyamaza. Mwaka 1752 alitoa andiko la kupinga desturi hiyo, akionyesha kwamba maziwa ya mama ndiyo yamfaayo mtoto wake, na kwamba hata wanyama wakali huwanyonyesha wana wao wenyewe.

Miaka sita baadaye, mwaka 1758, alitoa kitabu chake mara ya kumi. Humo aliliacha jina la miguu minne, akaandika Mammalia, kwa neno la Kilatini mamma, maana yake titi. Sasa nyangumi alitolewa kwa samaki, akawekwa pamoja na ng'ombe, popo na mwanadamu. Angaliweza kuchagua alama nyingine, kama vile nywele, kwa kuwa wanyama hao wanazo. Lakini alichagua titi la mama. Hatuwezi kudhani kwamba tabibu huyo, aliyekuwa baba wa watoto, alikuwa amekwisha kulisahau andiko lake la mwaka 1752.

Mfalme alimpa cheo cha ukabaila, akaitwa Carl von Linné. Alikufa tarehe 10 Januari 1778, akazikwa katika kanisa kuu la Uppsala. Mambo mengi aliyoyapanga yamesahihishwa na wataalamu waliomfuata, lakini jina hilo lingali likitumika duniani kote.

Basi, mtoto akisoma neno mamalia mbele yetu, tumweleze maana yake. Ajue kwamba katika hesabu ya viumbe hakuwekwa mahali pake kwa nguvu zake wala kwa akili zake, bali kwa maziwa aliyopewa na mama yake siku ile alipokuwa hawezi neno lo lote.