Schubert: Msee wa Vienna aliyekuangusha na noti moja tu

Franz Schubert alizaliwa Vienna, Austria, 1797. Buda yake alikuwa ticha, na yeye pia akashika chaki kidogo kabla ya kuachana nayo afuate ngoma. Doo ilikuwa shida. Alikuwa analala kwa keja za mabeshte, lakini aliandika nyimbo zaidi ya 600!

Sasa cheki ujanja wake. Ukitaka kutoka meja uingie maina, shusha noti ya tatu nusu hatua. G, B, D ni meja. B ikishuka kuwa B flati, moyo unazama. Kwarteti yake ya G meja ya 1826 inaanza hivyo: kodi tamu (si ile ya landlodi), na kabla ukae vizuri imegeuka maina. Gute Nacht ya 1827 nayo inatembea kwa maina, halafu ubeti wa mwisho unaingia meja, jamaa akimuaga dem aliyelala. Manze, hiyo meja ndiyo inauma zaidi.

Kaswende ilikuwa imemshika kitambo. Machi 1828 akafanya shoo ya ngoma zake pekee, ukumbi ukajaa. Novemba 19 akadedi, miaka 31.