Karani na Hesabu za Bandari

Edmund Morel aliajiriwa mwaka 1891 akiwa karani wa kampuni ya meli mjini Liverpool, Uingereza. Katika hesabu za bandari ya Antwerp aligundua kwamba Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ilitoa mpira na pembe za ndovu kupita kiasi kilichotangazwa, ilhali meli zilirudi huko na bunduki na risasi. Huo ulikuwa wizi na utumwa, si biashara. Alijiuzulu mwaka 1901, akaandika bila kuchoka. Mwaka 1908 Mfalme akalazimika kuiachia Kongo. Morel alifariki mwaka 1924.

Hakuwa waziri wala hakimu. Sisi wa visiwani, tunaoishi kwa bandari, tunawakumbusha watumishi wa Serikali: karani akisema hesabu hazilingani, asikilizwe, asihamishwe.