SELOUS: MWINDAJI ALIYEHARIBIWA SHABAHA NA GOBORE LAKE

Wadau, wengi wetu huku Kigonsera jina Selous tunalijua kama pori tu, lile la upande wa Namtumbo. Leo nataka tumjue mwenye jina, maana ukitaka kujifunza kulenga mbali, habari za huyu mzee zinatosha.

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Mwaka 1871 akatua Afrika Kusini, dogo wa miaka 19, mfukoni ana pauni 400. Mwaka uliofuata akafika kwa mfalme Lobengula kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme akacheka, akamwona mtoto tu, akamwachia aende.

Kumbe mtoto ana magobore mawili! Kila moja kama kilo 6, risasi moja zaidi ya gramu 100. Baruti alikuwa anachota kwa mkono kwenye mfuko wa ngozi, hakuna kupima. Misimu mitatu akaua tembo 78. Lakini teke la gobore lile lilikuwa balaa. Siku moja liligoma kulia, msaidizi wake akashindilia baruti na risasi nyingine juu ya zile za kwanza. Lilipolia... Selous alirushwa hewani, akaanguka kifudifudi, shavu limechanika.

Baadaye aliandika kwamba anajuta kuyashika, yalimharibia shabaha maisha yake yote. Na ni kweli, mwili hausahau. Bega likishaumia, kidole hakijamaliza kuvuta, tayari jicho limefumba na bega limesukuma mbele. Mtutu ukihama nyuzi moja tu, kwenye mita 200 risasi inapita mita 3 na nusu pembeni. Hapo mimi namwonea huruma tembo, maana risasi iliyokosea kidogo inamwacha akafie porini baada ya siku kadhaa.

Dawa ni bunduki nyepesi, na Selous mwenyewe alihamia huko. Halafu mkao: lala kifudifudi, viwiko vikanyage chini, kitako kibane begani, shavu lilale juu ya mti wa bunduki. Toa pumzi nusu, ishikilie, vuta taratibu mpaka mlio ukushtue mwenyewe.

Mwaka 1915, ana miaka 63, akajiunga na jeshi la Waingereza kuja kupigana na Wajerumani huku kwetu. Tarehe 4 Januari 1917, Beho Beho, kaskazini ya mto Rufiji, aliinua kichwa kutazama adui wamejificha wapi. Mdunguaji wa upande wa Wajerumani akampata kichwani.

Alizikwa hukohuko chini ya mkwaju. Mwaka 1922 pori likapewa jina lake. Tangu 2019 eneo la Beho Beho limo ndani ya Hifadhi ya Taifa Nyerere, jina Selous likabaki kwa pori la huku kusini. Mdau uliyewahi kufika kaburini, tupia picha basi tuione.