Mwalimu Nyerere na Wakimbizi wa Mpanda

Mwanafunzi anayesoma Mwamkulu, Nsimbo au Mpanda mjini hahitaji kwenda mbali kuitafuta mada hii. Katumba, Mishamo na Mwese ni majina anayoyasikia kila siku, na huenda anakaa dawati moja na mjukuu wa mtu aliyefika huko akiwa mkimbizi. Wanafunzi wengi hujibu maswali kuhusu Julius Kambarage Nyerere kwa kutaja TANU, Uhuru na Azimio la Arusha, kisha wakaweka kalamu chini. Hapa tunayasoma maisha yake kwa upande ambao vitabu vingi huupitia haraka.

Nyerere alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, kisha Shule ya Serikali Tabora, Makerere na Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alirudi nchini akafundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 akawa rais wa kwanza wa TANU. Mwaka 1955 aliacha ualimu ili aifanye kazi ya siasa, lakini jina la Mwalimu lilibaki kwake mpaka kufa.

Wakimbizi walianza kuingia hata kabla ya Uhuru. Kuanzia mwaka 1959 Watutsi wengi waliikimbia Rwanda, na baadhi yao katika miaka ya 1960 walipewa ardhi katika nyanda za juu za Mwese, hapa hapa Mpanda ya zamani. Kusini, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu walivuka Mto Ruvuma. FRELIMO yenyewe ilikuwa imeundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Kwa Nyerere, mkimbizi wa Msumbiji na mpigania uhuru wa Msumbiji walikuwa watu wa nyumba moja: nchi isiyokuwa huru ndiyo iliyowatoa wote kwao. Ndiyo maana baadaye vijana wa Afrika Kusini waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto ya mwaka 1976 walipewa eneo la Mazimbu, Morogoro, wakajengewa shule.

Burundi ilikuwa jambo gumu zaidi, na hapa mwanafunzi asome taratibu. Mwaka 1972 Serikali ya Micombero iliwaua Wahutu wengi sana, hasa waliokuwa wamesoma: walimu, wanafunzi, makarani. Waliookoka walikimbilia Kigoma. Waliowatesa hawakuwa wakoloni bali Waafrika waliokuwa huru tayari, na nchi nyingi za Afrika wakati huo zilinyamaza kwa kisingizio cha kutoingilia mambo ya jirani. Nyerere aliwapokea. Gharama haikuchelewa kuonekana: mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalishambulia vijiji vya mpakani upande wa Kigoma, na Watanzania wakauawa.

Makazi ya kwanza yalifunguliwa Ulyankulu, Tabora, mwaka 1972. Katumba ilifuata mwaka 1973. Ulyankulu ilipojaa watu na maji yakawa haba, sehemu yao walihamishiwa Mishamo kuanzia mwaka 1978. Neno lililotumika lilikuwa makazi, na mwanafunzi asilichanganye na kambi. Kambini mtu hukaa kwenye hema akingoja mgawo wa chakula. Katumba na Mishamo kila familia ilipewa shamba, ikafyeka pori la miombo, ikalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku. Shule na zahanati zilijengwa kwa msaada wa UNHCR na shirika la TCRS. Kufikia mwaka 1985 wakazi walikuwa wakijilisha wenyewe, na makazi yalikuwa yamekabidhiwa Serikali.

Jibu zuri la mtihani halimsifu tu Mwalimu. Ukarimu huu ulikuwa na faida kwa nchi pia, kwa kuwa Mpanda ilikuwa na watu wachache na mbung'o wengi, na mapori yalihitaji mikono. Tena sheria ya mwaka 1965 ilimbana mkimbizi: hakuruhusiwa kutoka kwenye makazi bila kibali. Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1975 aliimba wimbo wa Taifa shuleni, lakini kwa sheria alibaki mgeni. Mwandishi huyu anaona kwamba hapo ndipo penye kasoro kubwa, ingawa kwa Wanyarwanda mlango ulifunguliwa: mwaka 1980 wapatao 36,000 walipewa uraia.

Nje ya nchi, Tanzania ilikuwa na sauti. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 ulipanua maana ya mkimbizi. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unamtambua anayehofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au siasa zake. Ule wa OAU unamwongeza anayekimbia vita, uvamizi au machafuko makubwa. (Tofauti hii ikumbukwe vizuri.) Mwaka 1979 mkutano mkubwa wa Afrika kuhusu wakimbizi ulifanyika Arusha. Mwaka 1983 Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen, ambayo UNHCR huwapa watu waliowatumikia wakimbizi.

Aling'atuka urais mwaka 1985, lakini Burundi haikumwacha. Vita vilipolipuka tena huko baada ya mwaka 1993, wakimbizi wapya walifurika Kigoma na Kagera, na kuanzia mwaka 1996 Mwalimu, akiwa mzee, aliongoza mazungumzo ya amani, kwanza Mwanza kisha Arusha. Hakuyamaliza. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Nelson Mandela aliichukua kazi hiyo, na mkataba ukatiwa saini Arusha mwezi Agosti 2000.

Wakazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walisubiri zaidi. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 kati yao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014, miaka 42 baada ya wazazi wao kuvuka mpaka.

Zoezi: Tofautisha makazi ya Katumba na kambi ya wakimbizi. Kisha, kwa ruhusa yake, zungumza na mzee mmoja aliyehamia Mpanda kutoka mahali pengine popote, uandike aya mbili kuhusu alivyopokelewa mwaka wake wa kwanza.